Daftari la Lambo: Koti la Kijani

Koti la kijani lilitoka mbio, na mlango wa banda ukabaki unayumba.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na nasikia kuna walionilaani hadharani. Haya, yamekwisha, rudini kwenye mabenchi. Tumo ndani ya banda umiza la Adelfina, kijiji cha Kabuhinzi, kata ya Kaniha. Watu sitini wamebanana humo, turubai jeusi limelizuia jua la saa nane mchana, na kwenye skrini jasusi wa nchi ya theluji anafungua kabati la waziri kwa ufunguo wa kuchonga.

Adelfina ndiye mtafsiri. Kiingereza chake kilikomea kidato cha pili, ila hilo halijawahi kumnyima usingizi. Anachokielewa anakitafsiri, asichokielewa anakitunga, na ukiwauliza watu kuanzia Kaniha mpaka Nyabusozi watakwambia kwamba kilichotungwa ndicho kitamu zaidi.

Leo alitunga kwa makusudi. Waziri alipopekua kabati lake na kukosa hati za siri, Adelfina alisema kwenye kipaza sauti: "Waziri anauliza, jamani, daftari la lambo liko wapi? Msaidizi anamjibu: bosi, limefichwa ndani ya ngoma ya kwaya!"

Kwa nini ngoma? Kwa sababu asubuhi, kwenye ibada pale kigangoni, ngoma kubwa ya kwaya ilikuwa imeziba, inalia bu, bu, kama mtu anapiga gunia la mahindi. Utani ukamjia mdomoni, akautoa. Watu wakacheka. Lakini nyuma kabisa benchi likapinduka, na mtu aliyevaa koti la mvua la kijani, kofia ya koti imemfunika mpaka puani, akasukuma mlango na kutokomea.

Mwenye hatia hangoji kufukuzwa. Adelfina alijua papo hapo kwamba mwizi wa daftari amejitoa mwenyewe.

Na wewe uliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, usihangaike, nitakuwekea sawa. Daftari la kamati ya maji lilipotea Alhamisi. Ndani yake mna sahihi na alama za vidole gumba za wanakijiji mia mbili na kumi waliokubali lambo lichimbwe Kabuhinzi. Leo saa kumi mhandisi anakuja kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Pasipo daftari, lambo linapelekwa kijiji kingine. Na karani aliyekabidhiwa daftari hilo, Pius, kaka yake Adelfina wa tumbo moja, atatoka mkutanoni kupelekwa polisi. Mtendaji wa kijiji, Frednand, alishalitamka hilo mbele ya watu.

Pius mwenyewe kila akiulizwa huangalia vidole vya miguu na kujibu kwamba limepotea. Hana neno jingine.

Saa nane na robo. Zilibaki saa mbili kasoro robo.

"Havya!" Adelfina alinong'ona, kipaza sauti amekibana kwapani.

Havyarimana, mwendesha jenereta wa banda, alichomoza kichwa nyuma ya skrini. Ni Mrundi mtu mzima wa miaka arobaini na ndevu zake, na hakuna binadamu Kagera nzima anayependa filamu za ujasusi kumzidi yeye.

"Umeliona lile koti?"

"Nimeliona, dada."

"Lifuate. Usionekane, usisikike."

Macho ya Havyarimana yaliwaka. Siku hii alikuwa ameingojea maisha yake yote. Akachomoa mfukoni miwani yake myeusi, akaivaa humo humo gizani, akagonga nguzo, akatoka.

Adelfina alitamani kumfuata, lakini mtafsiri akiondoka katikati ya filamu pale Kabuhinzi, banda hung'olewa mpaka misumari. Ikabidi abaki anasema huku moyo uko nje.

"Jasusi ameingia lifti," alisema. "Anashuka. Hajui kwamba mlinzi yumo humo humo, amesimama nyuma yake."

"Ageuke basi!" alifoka Mzee Ndassa. "Mbona hageuki?"

Mzee Ndassa ndiye mwenye kiti pekee cha kuegemea humo bandani. Alitoka Shinyanga miaka ishirini iliyopita na ng'ombe thelathini, sasa hajui idadi, na wafugaji wote wa Kabuhinzi husema baada yake. Kila Jumapili huketi mbele, fimbo katikati ya magoti, na kugombana na skrini.

"Akigeuka, mzee, filamu imekwisha," Adelfina alimjibu kwenye spika. "Wewe unamwona mlinzi, yeye hamwoni. Raha yote iko hapo."

"Laha gani? Mimi nitakufa na plesha!"

"Na Jumapili utarudi."

"Nitaludi," mzee alikiri, na banda zima likacheka.

Hiyo ndiyo siri ya biashara ya Adelfina. Filamu za kurushiana risasi aliziacha kwa mabanda mengine. Yeye huonyesha wapelelezi, mawaziri wanaouza nchi zao, mabalozi wanaotabasamu na sumu mkononi. Alishagundua kwamba bunduki haimtishi mtu wa Kabuhinzi nusu ya anavyotishwa na mlango ulioachwa wazi. Na sheria aliyopenda kuirudia kwenye spika ni hii: adui wa kweli hatoki mbali, adui wa kweli ni yule anayekula sahani moja na stelingi.

Huku akitafsiri, alikuwa anahesabu makoti. Mradi wa nyuki uligawa makoti saba ya kijani mwaka jana. Katekista analo. Mwenyekiti analo. Mtendaji Frednand analo, tena hulivaa hata kiangazi ili watu wajue kwamba analo. Hata Pius analo, limetundikwa msumarini nyuma ya mlango kwa mama yao.

Awe Frednand, Adelfina aliomba moyoni. Mungu wangu, awe Frednand. Siwezi kusema ilikuwa sala ya Kikristo, lakini aliisali kwa imani yote.

Kwenye skrini tulishafika karamu ya balozi. Mabwana wamevaa suti nyeusi, mabibi wameacha migongo wazi, fidla zinalia. Bwana mmoja wa mvi akaja kumkumbatia bibi mmoja mrefu, wakaanza kucheza polepole, anamnong'oneza sikioni.

Wakati huo huo Havyarimana akarudi. Aliingia kwa kutambaa, akachuchumaa ubavuni kwa Adelfina, anahema. Adelfina akashusha kipaza sauti mapajani ili wazungumze kwa siri.

Hakukizima.

Kwa hiyo kilichosikika Kabuhinzi, kutoka kwenye spika mbili kubwa, huku bwana wa mvi akimnong'oneza yule bibi, kilikuwa hiki:

"Nimemwona."

"Ni nani?"

"Ni koti."

"Koti ni nani?"

"Koti ni koti, dada! Nimeona mgongo. Juu kofia, chini mabuti."

Bibi wa kwenye skrini alirudisha kichwa nyuma na kucheka. Banda nalo likacheka.

"Mwanamume au mwanamke?"

"Ndani ya koti la mvua sote tuko sawa."

"Alikwenda wapi?"

"Kigangoni. Aliingia stoo ya kwaya. Akatoka na kitu amekificha tumboni, chini ya koti."

Adelfina akamsogelea zaidi. Ngoma! Ile ngoma iliyotumbuka ngozi ya chini, ambayo kila mtu amekuwa akisema itashonwa kesho. Alilolitunga kwa kucheza limegeuka kweli.

"Halafu?"

"Halafu akageuka ghafla. Nafikiri alinisikia. Nilikuwa napiga mluzi."

"Mluzi wa nini, Havya?"

"Ule wa kwenye filamu. Wa hatari ikikaribia."

"Mana yanje!" alisema Adelfina, yaani Mungu wangu, kwa Kirundi kabisa, ili amfikie vizuri. "Kisha?"

"Kisha akakimbia. Mbio zenyewe za kuchechemea, mguu mmoja unamkatalia. Akaingia zizi la Mzee Ndassa na ule mzigo. Akatoka upande wa pili mikono mitupu."

Bwana wa mvi akambusu yule bibi. Na banda zima likanyamaza kimya, kwa sababu hata mlevi wa Kabuhinzi anajua kwamba zizi la Mzee Ndassa haliwezi kuwa kwenye karamu ya balozi.

Mzee Ndassa alisimama. Kivuli chake kikawafunika wacheza dansi wote.

"Adelfina."

"Shikamoo, mzee."

"Malahaba. Hiyo habali ya zizi langu imo kwenye filamu?"

Msomaji, Adelfina alikuwa na uongo wa aina nne umeiva ulimini. Angeweza kusema balozi naye ana zizi. Angeweza kusema ni jina la hoteli. Watu hawa wamemwamini kwa mengi kuliko hayo. Lakini alimtazama mzee usoni, akaona kwamba hakasiriki, anaogopa.

"Haimo, mzee. Ni ya kweli."

"Zima mashine."

Kelele zilizotoka hapo nisizielezee. Watu sitini walisimama kudai mwisho wa filamu yao. Mzee Ndassa akainua fimbo, wakatulia.

"Stelingi hafi," aliwaambia. "Mtamkuta Jumapili ijayo yuko hapo hapo. Fungua mlango, Havyalimana."

Njiani mzee alitembea mbele, hatua ndefu za mchungaji, na Adelfina akamkimbilia nyuma.

"Unajua kwa nini nina halaka?" mzee aliuliza bila kugeuka. "Daftali likikutwa kwangu na watu wa mkutano, itakuwa nini? Watasema wafugaji wamelificha ili maji yasije kwa wakulima. Miaka ishilini nimekaa na watu hawa vizuri. Itafutika jioni moja."

"Mimi najua si wewe, mzee."

"Wewe unajua. Wewe ni mmoja."

Lakini kuna neno lililokuwa linamsumbua Adelfina tangu bandani. Kuchechemea. Havyarimana alisema koti lilikuwa linachechemea.

Jumanne Pius alianguka na pikipiki kwenye utelezi wa njia ya Nyabusozi. Tangu siku hiyo anavuta mguu wa kushoto. Na Pius ana koti la kijani.

Aliona aibu kuwaza hivyo. Pius ndiye aliyembeba mgongoni familia ilipohama Keza, kule Ngara, yeye akiwa na miaka minne na Pius kumi na mmoja. Pius ndiye aliyeuza baiskeli yake ili banda lipate spika. Lakini sheria ni sheria, na aliitunga mwenyewe: adui hula sahani moja na stelingi. Mara mia ameisema kwenye spika na watu wakapiga makofi. Sasa ilimrudia, na ilikuwa chungu.

Zizini hawakutafuta sana. Kwenye kibanda cha ndama, chini ya majani makavu, ndama mmoja wa madoa alikuwa anatafuna kitu kwa utulivu mkubwa. Mzee Ndassa alimfungua taya kwa vidole viwili.

Kona ya jalada. Ndama alishaimaliza, alikuwa anajiandaa kuingia ndani.

"Asante Mungu!" Adelfina alilia, akalikumbatia daftari lile pamoja na mate yake. Akafungua harakaharaka. Sahihi zipo. Vidole gumba vipo, safu kwa safu, vya buluu. Akacheka peke yake kama mwehu. Pius amepona!

"Ngoja," mzee alisema. "Hapo katikati pamefanya nini?"

Ukurasa wa kumi na nane ulifuatiwa na wa ishirini. Kati yao kulibaki ukingo mwembamba wa karatasi iliyochanwa taratibu, kwa mkono usiotaka kuharibu kingine chochote.

"Wa kumi na tisa una nini?" mzee aliuliza.

"Mipaka ya lambo. Wapimaji walihamisha vigingi Jumatano, Pius akaandika upya. Leo unatakiwa usomwe, watu waukubali."

"Usiposomwa?"

"Lambo hakuna."

Saa tisa na nusu walikutana na Pius njiani. Alikuwa amevaa shati la Krismasi, lile jeupe, na amechana nywele. Alikuwa anakwenda mkutanoni kama mtu anayekwenda kupigwa picha ya mwisho. Mguu wa kushoto anauvuta.

Adelfina alimwonyesha daftari. Alitegemea kaka yake aruke, au alie, au amkumbatie. Pius alibadilika rangi.

"Mmelipata wapi?"

"Kwa mzee, zizini. Kaka, koti lako liko wapi?"

"Msumarini kwa mama. Kwa nini?"

"Mtu mwenye koti la kijani amelitoa kwenye ngoma ya kwaya, akalitupa zizini. Alikuwa anachechemea."

Mzee Ndassa, ambaye ana watoto kumi na wanane na anajua ndugu wanapotaka kuachwa, alikumbuka ghafla kwamba ana ndama wa kumfunga.

"Ukurasa wa kumi na tisa uko wapi?" Adelfina aliuliza.

"Usiuulize leo."

"Ni wewe, Pius?"

"Waambie ni mimi."

Hapo mtafsiri akasikia. Miaka sita ya kuwasikiliza waongo wa lugha asizozijua imemfundisha kitu kimoja, kwamba mtu mwongo hujibu swali la jirani. Alimuuliza kama ni yeye. Hakujibu kwamba ni yeye. Alijibu kwamba waambiwe ni yeye.

"Unamficha nani?"

"Ada, tafadhali."

"Siku nne unatukanwa kijiji kizima unamjua aliyelichukua? Kwa nini hukuniambia? Mimi!"

Pius alimtazama, na macho yake yalikuwa yamechoka.

"Ungeliweka kwenye filamu," alisema.

Akapita, akaendelea na safari yake. Adelfina alibaki amesimama njiani na daftari lake. Maneno mengi amewahi kuambiwa, hakuna lililompata kama lile, kwa sababu lilikuwa kweli: daftari alishaliweka kwenye filamu, na hata saa mbili zilikuwa hazijapita.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa ghala la ushirika. Kabuhinzi yote ilikuwepo: wafugaji upande wa barabara na fimbo zao, wakulima upande wa ghala, akina mama kwenye mikeka. Mhandisi ameketi mezani, anaangalia simu. Spika ni zile zile za banda, kwa maana kijijini hakuna nyingine, na Havyarimana alikuwa anaunganisha nyaya, miwani myeusi usoni.

Mtendaji Frednand alikuwa amevaa koti la kijani. Jua lilikuwa linachoma.

Adelfina akamkabidhi daftari mbele ya wote. Vigelegele vilipanda, vikashuka Frednand alipofika katikati ya daftari.

"Ukurasa mmoja umechanwa," alitangaza. Akamtazama Pius. "Tena ule wa mipaka. Karani, una la kusema?"

Pius aliangalia vidole vya miguu.

"Basi tumsikie aliyelileta. Adelfina, umelitoa wapi, na nani aliliweka huko? Sema mbele ya kijiji."

Akampa kipaza sauti.

Oneni sasa jinsi dunia inavyojua kutega. Upande huu Mzee Ndassa ameshika fimbo kwa mikono miwili. Neno zizi likitoka vibaya, amekwisha. Upande ule Pius anamtikisia kichwa kidogo, kumwambia: sema ni mimi. Na mbele yake kabisa Frednand, anatoka jasho ndani ya koti la kijani.

Nitawaambia alichowaza, kwa sababu mimi najua. Aliwaza kwamba angeweza kusema, jamani, nililiona koti la kijani, na kunyamaza. Hivyo tu. Macho mia nne yangegeukia koti moja. Lisingekuwa hata uongo. Kijiji kingemaliza chenyewe, kama watazamaji wake wanavyomaliza kila Jumapili, na Pius angerudi nyumbani kula.

Mdomo wake ulishafunguka.

"Ndugu zangu," alisema. Spika zikarudisha sauti yake kutoka ukuta wa ghala. "Kwenye filamu zangu huwa naongeza. Mnajua na mnapenda. Leo sitaongeza. Daftari nimelikuta kwa Mzee Ndassa, na Mzee Ndassa hajui lilivyofika, alikuwa mbele yangu amekaa anagombana na filamu. Mwenye koti sikumwona uso. Na yule mnayemdhania..."

"Niacheni nipite," ilisema sauti kutoka kwenye mikeka.

Mama Ernesta, mama yao Adelfina na Pius, alikuwa anainuka. Aliinuka kwa awamu, mkono mmoja gotini, kama anavyoinuka miaka yote tangu goti lile lianze kumsumbua. Mkono wa pili ulishika kikapu. Alivuka uwanja taratibu, mguu mmoja unamkatalia, na Havyarimana alivua miwani yake, akamtazama anavyotembea, akaivaa tena upesi.

Mama alifika mezani, akatoa kikapuni koti la kijani lililokunjwa vizuri, akaliweka mbele ya mhandisi.

"Aliyevaa hili ni mimi."

Watu walicheka. Ernesta? Mwanamke anayeliita banda la binti yake shimo la giza, ambaye miaka sita hajawahi hata kuegemea ukuta wake?

"Mama, keti," alisema Frednand, kwa upole wa kweli. "Tunaelewa uchungu wa mzazi. Usimwokoe mwanao kwa uongo."

Mama Ernesta alimgeukia. Akasema, kwa sauti nyembamba ya haraka ambayo kila mtu pale aliijua, sauti ya Adelfina kabisa akiwa na kipaza sauti:

"Bosi, limefichwa ndani ya ngoma ya kwaya!"

Hakuna aliyecheka tena.

"Niliketi benchi la nyuma," aliendelea kwa sauti yake mwenyewe. "Jana binti yangu aliapa nyumbani kwamba leo atamwinua mwizi bandani. Nikaenda kusikia anajua nini. Aliposema ngoma, nikadhani ameshajua. Nikaenda kulitoa. Nilitaka kulileta hapa kabla ya saa kumi, mtu akaanza kunipigia mluzi nyuma, nikaogopa, nikalitupa kwa ndama."

Havyarimana alipata ghafla kazi nyingi kwenye waya mmoja.

"Kwa nini, mayo?" Mzee Ndassa aliuliza, akimwita mama kwa Kisukuma. Hakukuwa na hasira kwenye sauti yake. "Kwa nini ulilichukua?"

"Sikutaka kumfunga mtoto wangu. Nilifikiri mkilikosa mtaandika jingine, mahali pengine. Pius alijua ni mimi, akanyamaza. Kila siku nikasema nitakiri kesho." Alipangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Na maji nayataka. Mimi ndiye ninayeyafuata mbali kuliko wote hapa, na goti hili. Msiseme simtakii mtu maji."

Akaingiza mkono kikapuni tena. Akatoa kitabu chake cha nyimbo, na katikati ya nyimbo akatoa karatasi moja, ukingo mmoja umechanwa.

"Kusoma sijui. Pius alinisomea mara moja tu, Alhamisi, nikamwambia basi." Akampa Adelfina. "Wewe ndiye mwenye sauti. Wasomee. Na usiongeze neno."

Adelfina aliikunjua. Mwandiko wa kaka yake, mzuri, wa mviringo. Eneo la lambo: kuanzia mkuyu wa kijitoni, kupita jiwe la mpaka, mpaka mwisho wa shamba la migomba la marehemu Matiasi.

Shamba la migomba la marehemu Matiasi. Humo kuna migomba hamsini na kitu kimoja zaidi, ambacho mama yao hukipalilia kila Jumamosi na kukipaka chokaa kila Pasaka. Vigingi vilisogezwa Jumatano, na kaburi la baba yao sasa lilikuwa upande wa maji.

Alitazama sahihi kwenye daftari lililo wazi mezani. Ya arobaini na tatu ilikuwa ya kwake. Alitazama akina mama kwenye mikeka na ndoo zao kando, na wafugaji, na Mzee Ndassa. Wote walikuwa wanamngoja. Akamtazama Pius, na safari hii Pius hakuangalia chini.

Filamu mia tatu alishazitafsiri, na hakuna hata moja iliyowahi kumkosesha neno. Alitaka kulia, akaogopa kwamba akianza hatamaliza.

Akainua kipaza sauti.

"Ukurasa wa kumi na tisa," alisema.

Mama Ernesta hakurudi kwenye mkeka. Alisimama pale pale kando ya meza, mkono gotini, akimwangalia binti yake mdomoni.